Orodha ya Mota za Musau

Kabla hujamhurumia Nzembi, jua kwamba hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa na shahada mbili, kazi ya kufundisha katika chuo kidogo cha kompyuta juu ya duka la vifaa vya ujenzi, chumba chake mwenyewe katika nyumba ya wazazi wake Kariobangi South, na ulimi ambao makanga wengi wa matatu waliuheshimu. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na miwili. Kitu kimoja tu alikikosa, nacho alikuwa amekitafuta miaka mitatu bila kupumzika: nafasi ya kusomea uzamivu nje ya nchi, katika ile elimu ya kuifundisha kompyuta kwa mifano mpaka itambue mambo yenyewe.

Anayedhani kutafuta nafasi kama hiyo ni kazi ya kubofya tu, na aje tumwonyeshe. Kila chuo kina fomu zake, na kila fomu inataka uandike upya yale yale uliyoyaandika kwenye fomu ya jana. Wanataka historia yako kwa maneno mia tano. Wengine wanataka elfu moja. Wanataka cheti cha kuthibitisha kwamba unajua Kiingereza, wewe uliyevishwa kibao shingoni darasa la tatu kwa kosa la kuongea Kikamba. Wanataka matokeo yako yatumwe na chuo chenyewe moja kwa moja, na karani wa chuo hicho anakuambia urudi Alhamisi. Halafu kuna kuwaandikia maprofesa. Unasoma makala ya mtu mpaka unaijua kama wimbo wa kanisani, unamwandikia aya tatu za adabu, naye hajibu. Nzembi alikuwa ametuma maombi thelathini na saba. Kumi na tisa yalijibiwa kwa barua inayoanza na shukrani na kuishia na majuto. Kumi na manane hayakujibiwa kabisa, na kusema kweli hayo ndiyo yaliyomchosha zaidi.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mamake, Kaluki, alikuwa ameliweka jambo hilo kwenye maombi ya kina mama wa kanisa, na kina mama wa kanisa wakisikia neno daktari hawaulizi daktari wa nini. Jirani yao Lydiah alimsimamisha ngazini karibu kila wiki ili amwonyeshe goti lake. "Na ukishakuwa daktari usitusahau," alimwambia, huku akilikunja na kulikunjua. Nzembi alijaribu kumweleza mara mbili. Mara ya tatu aliliangalia lile goti na kumshauri apumzike kila anapofika orofa ya pili.

Utafiti wake ulizaliwa kwenye kibanda cha babake. Mzee Musau alikuwa fundi wa mota pale Light Industries, mahali ambapo huhitaji kuuliza njia kwa sababu kelele zitakupeleka. Alizifungua mota zilizoungua, akatoa nyaya za shaba zilizoharibika, akazifunga upya, akabadilisha beringi ambamo mhimili, au shafti, huzunguka, akazirudisha kazini. Kwa miaka thelathini na mitano aliutambua ugonjwa wa mota kwa sikio. Mteja akileta mota, Musau huiwasha, huinamisha kichwa, kisha husema, "Beringi ya nyuma," au, "Hii ni nzima, shida ni stima ya kwako." Nzembi alipokuwa akisomea uzamili alijiuliza kama kompyuta ingeweza kufundishwa sikio hilo. Kila Jumamosi, kwa mwaka mmoja na nusu, aliketi kibandani na simu yake, akarekodi sauti ya kila mota iliyoletwa, akaandika jina la aliyeileta, na kumuuliza babake swali moja: nzima au mbovu?

Alipata rekodi mia nne na kumi na mbili. Aliifundisha kompyuta kwa nyingi kati ya hizo, akaijaribu kwa zilizobaki, nayo ikapatia mara tisini na nne katika kila mia. Tisini na nne! Nambari hiyo ilichapishwa katika tasnifu, tasnifu ikafungwa kwa jalada la buluu, jalada likapelekwa maktaba. Ndiyo iliyokaa juu kabisa ya kila ombi alilotuma.

Ombi la thelathini na nane lilikwenda Uswidi. Profesa mmoja wa huko alikuwa akitafuta mtafiti wa kusikiliza mashine za viwandani ili zigunduliwe mapema zinapoanza kuharibika. Nzembi aliposoma tangazo hilo alihisi kana kwamba limeandikwa na mtu aliyewahi kusimama mlangoni pa kibanda cha babake. Alijiambia kwamba hili ndilo la mwisho. Likikataliwa, ataacha, atafundisha vijana kupanga safu za Excel mpaka azeeke, na hakuna atakayemlaumu.

Jibu lilikuja Jumatatu, na kwa mara ya kwanza halikuanza na shukrani. Profesa aliandika kwamba pendekezo lake limemvutia, lakini barua ya msimamizi wake imemshangaza. Barua hiyo ilisema Nzembi ni mtiifu, mnyenyekevu, mcha Mungu na hachelewi kazini, lakini haikutaja utafiti wake hata kwa sentensi moja. Je, msimamizi angeweza kuandika nyingine, kwa maneno yake mwenyewe, kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo?

Nzembi alijifunika uso kwa viganja. Barua hiyo alikuwa ameiandika yeye.

Msishangae. Hapa kwetu mhadhiri haandiki barua ya kumpendekeza mwanafunzi. Mwanafunzi hujiandikia, mhadhiri akaweka sahihi. Si wizi, ni mazoea, kama vile chifu anavyokuuliza barua yako iseme nini. Na mtu aliyelelewa na Kaluki angejisifu vipi? Angeandika kwamba yeye ni hodari, ana akili, amegundua jambo? Nzembi aliandika yale aliyoyaona kwenye cheti chake cha kuondokea shuleni, kwamba ana tabia njema na anaweza kuaminiwa. Mara thelathini na nane alikuwa amewaandikia maprofesa wa dunia nzima barua ya kumwombea kazi ya uyaya.

Kesho yake alikwenda kumwona Daktari Irungu, aliyekuwa msimamizi wake. Irungu hakuwa mtu mbaya. Alifundisha katika kampasi tatu, ofisi yake aligawana na wenzake wawili, na kwenye meza yake karatasi za mtihani zilikuwa zimerundikana hadi kidevuni mwake.

"Nzembi! Karibu, karibu," alisema bila kuinua kalamu. "Ni ile barua? Si unitumie kama kawaida, niweke sahihi."

"Hapana, Daktari. Safari hii naomba uandike wewe."

Kalamu ilisimama. Nzembi hakuwahi kumkatalia mwalimu kitu tangu chekechea, na sauti yake mwenyewe ilimtisha kidogo. Alimsomea yale maneno ya profesa. Irungu alivua miwani, akayasugua macho yake.

"Nikuambie ukweli," alisema, "utafiti wako siukumbuki vizuri. Ulikuwa wa... mahindi?"

"Mota, Daktari."

"Mota. Ndiyo. Mota."

Sisi tuliopita vyuo hivi tunaijua hali hiyo. Wote wawili walikuwa wakikumbuka zile Jumatano za miaka sita iliyopita: Nzembi akileta sura mpya, Irungu akiipindua kurasa mbili tatu na kusema, "Endelea, iko sawa." Iko sawa ya kwanza, iko sawa ya pili, mpaka siku ya mahafali. Nzembi alitoa tasnifu kwenye mkoba wake, akaiweka juu ya zile karatasi za mtihani.

"Kurasa themanini na mbili," alisema. "Samahani kwa usumbufu."

Jumatatu iliyofuata Irungu alimpigia simu mwenyewe. Nzembi alipofika alikuta tasnifu imefunguliwa mezani, na pembeni mwa kurasa kumejaa maandishi ya penseli. Hakuna mtu aliyewahi kuiandikia hivyo. Alitamani kuichukua na kwenda kuyasoma yale maandishi peke yake mahali pa faragha.

"Nimeisoma mara mbili," Irungu alisema. "Ni kazi nzuri, Nzembi. Nzuri sana. Sikujua." Alifungua ukurasa uliojaa penseli zaidi. "Lakini nina swali. Mota mia nne na kumi na mbili, kutoka kibanda kimoja. Ulijuaje kwamba ni mota mia nne na kumi na mbili?"

"Kila moja nimeiandika, Daktari. Jina la mwenye mota, na tarehe."

"Jina la mwenyewe. Si la mota." Alifunga kitabu polepole. "Babangu alikuwa na kinu cha kusaga kule Kangema. Kila msimu mota yake ilipelekwa kwa fundi, na mbebaji nilikuwa mimi. Alipochoka nayo akamuuzia jirani. Jirani naye akaipeleka kwa fundi yule yule."

Nzembi alielewa kabla hajamaliza. Mwalimu akitunga mtihani kwa maswali yale yale aliyofanyia marudio, darasa lote litapita, lakini hatajua nani ameelewa na nani amekariri. Ikiwa mota moja ilirekodiwa Machi ikatumika kufundisha, kisha ikarudi Agosti na ugonjwa wake ule ule ikatumika kwenye mtihani, basi huenda kompyuta haikujifunza kusikia ugonjwa hata kidogo. Huenda iliikumbuka tu ile mota.

"Swali hili ningekuuliza miaka sita iliyopita," Irungu alisema, akiangalia dirishani. "Nisamehe. Nenda kamuulize mzee."

Jumanne aliomba ruhusa chuoni, akashuka Light Industries na orodha yake iliyochapishwa. Mbugua, fundi wa kibanda cha pili anayechomelea mageti, alimwona kwa mbali.

"Niaje Nzembi! Si ulisema unaishia majuu?"

"Zii, bado niko hapa nakula vumbi na nyinyi."

Babake alikuwa akisafisha mota kwa brashi na petroli. Alifurahi kumwona, kama kawaida yake. Alimwita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu jina la Nzembi lilikuwa la mamake Musau, na kwa Wakamba ukibeba jina la mtu unabeba na heshima yake. Nzembi alimweleza kwamba watu wa Ulaya wanataka kujua, katika mota alizorekodi, ni zipi zilikuwa mota ile ile iliyorudi. Musau alipangusa mikono, akaketi juu ya mota kubwa isiyo na mwenyewe, akachomoa penseli nyuma ya sikio.

"Soma."

Nzembi alianza kusoma. Moyoni alijiambia kwamba zitakuwa tano, labda kumi, na kumi si kitu. Alifika mia moja na kumi na saba.

"Wekulo, mashine ya posho."

"Wekulo wa Korogocho. Hiyo ilikuwa na ufa kwenye mguu. Aliileta mara tatu. Iko nyingine yake hapo?"

Ilikuwapo. Mia moja na sitini, na mia moja na tisini na moja.

"Zote moja," babake alisema na kuzipiga mistari. "Halafu akamuuzia Wanja, yule mama wa mashine ya randa. Mtafute Wanja."

Wanja alikuwa mia mbili na tatu. Alikuwa pia mia mbili na sitini.

"Ndiyo hiyo hiyo, mwaitu! Hata ile rangi ya kijani niliipaka mimi, alitaka ionekane mpya. Hiyo shafti yake imepinda. Ukiiwekea beringi itaila, na itaila ile ile ya nyuma, hata uende nayo wapi."

"Na mbona hukuniambia, Baba?"

Musau alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Hukuniuliza. Uliniuliza nzima au mbovu."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi zote hizo alikuwa ameketi karibu na mtu anayejua kila kitu, akamwomba neno moja tu kila saa, na alipoandika tasnifu aliona haya hata kutaja kibanda, akakiita "karakana ya wastani ya viwandani". Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, halafu tunawasomesha mpaka wanasahau kuuliza.

Kilichomuumiza zaidi si mistari ile ya penseli bali furaha ya babake. Musau alikuwa na miaka sitini na minne, alikuwa ameacha shule darasa la saba, na katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kukaa mbele yake na karatasi ili kuandika yaliyomo kichwani mwake. Sasa yalimtoka kama maji. Alikumbuka mota iliyopigwa nyundo na mlevi, mota iliyozama mto Mathare ukifurika ikatolewa siku ya tatu, mota ya kanisa iliyouzwa na mweka hazina bila mchungaji kujua. Mbugua aliacha kuchomelea, akaja kusikiliza. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Huku Kario mota haikufi, buda," alisema. "Ni wasee tu ndio hukufa."

"Endelea, mwaitu," babake alisema. "Endelea, bado nakumbuka."

Nzembi angeweza kumkomesha. Angesema tumechoka, Baba, tutamaliza kesho, na kesho ingekuwa na shughuli zake. Kila kumbukumbu ya mzee ilikuwa ikimbomolea nyumba yake, na mzee alikuwa akibomoa kwa mapenzi, akimwangalia usoni kila mara kuona kama amefurahi. Nzembi alitabasamu. Alisoma mpaka mia nne na kumi na mbili. Walipohesabu walikuta mota zenyewe zilikuwa mia moja na sitini na tatu.

"Hii itakusaidia?" Musau aliuliza, akimrudishia orodha kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi.

"Itanisaidia sana, Baba."

Siku mbili zilizofuata, kila alipomaliza vipindi, alibaki kwenye chumba cha kompyuta cha chuo na kuifundisha kompyuta yake upya. Safari hii kila mota ilikaa upande mmoja tu, ama wa kufundishia ama wa mtihani. Alhamisi alasiri matokeo yalitoka. Sabini na moja.

Alikaa akiitazama nambari hiyo muda mrefu. Hakulia. Alichofikiria kwanza, nalo ni jambo la ajabu, ni zile barua kumi na tisa za majuto, na kwamba wale watu wote walikuwa wamemkataa akiwa na tisini na nne. Sabini na moja wangeifanyia nini?

Alimpigia Irungu.

"Barua yangu naituma kesho," Irungu alisema. "Nimeshaiandika, imebaki nambari. Nitaandika ile utakayonipa, Nzembi. Mimi sitakuamulia."

Msidhani hakushawishika. Tisini na nne ilikuwa imepita mbele ya watahini, imefungwa kwa jalada la buluu, imekaa maktaba miaka sita bila mtu kuisumbua. Nani kule Uswidi angepanda ndege aje kumuuliza Musau? Lakini alijiona akiwa huko, baridi kali nje, watu wakimpa mashine zao za maana azisikilize kwa sikio ambalo anajua ni kiziwi. Miaka minne ya kuogopa swali moja. Sitawadanganya kwamba ni ushujaa. Alikuwa amechoka, na uongo nao ni mzigo unaobebwa kila siku, na mabegani mwake hapakuwa na mahali pa kuuweka.

"Sabini na moja," alisema.

"Sawa," Irungu alisema, kwa sauti ya chini ambayo Nzembi hakuwahi kumsikia nayo.

Mahojiano yalifanyika baada ya wiki mbili, kwa video, katika chumba kile kile cha kompyuta. Walikuwa watu wanne upande wa pili, wapole, kila mmoja na kikombe chake. Yule profesa aliuliza mengi kuhusu mota zinazorudi, na Nzembi alijibu vizuri. Alijua hivyo mwenyewe. Alisema kibanda ni cha nani na kiko wapi. Alisema aliyegundua ukubwa wa kosa ni babake. Halafu mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza swali lake.

"Kwa hiyo chombo chako hakifanyi kazi?"

"Kinafanya kazi," Nzembi alisema. "Lakini si kama nilivyosema."

Yule mzee aliandika kitu. Walimshukuru wote wanne, mmoja baada ya mwingine, na kioo kikawa cheusi.

Barua ilikuja Jumapili moja mwezi wa Machi, wakati nyumba nzima ilipokuwa ikijiandaa kula chakula cha mchana. Kamati ilikuwa imeguswa na uaminifu wake. Hata hivyo, matokeo yake ya sasa hayakufikia kiwango cha mwombaji waliyemchagua. Chini yake profesa alikuwa ameongeza sentensi mbili za kumsihi asikate tamaa, na zilionekana kuwa za kweli. Nzembi alizisoma akiwa amesimama kando ya kitanda chake. Alisikia mamake akipakua muthokoi wa mahindi na maharagwe jikoni. Kitu ndani yake kilichokuwa kimesimama wima kwa miaka mitatu kiliketi chini, na aliona ajabu kwamba hakikuuma kama alivyotarajia. Kilikuwa kizito tu.

Alitoka, akaketi mezani, akawaambia.

Kaluki aliweka mwiko chini. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema, maana ndivyo mama husema. Kisha alirudi jikoni, na kwa muda wakamsikia akipangua sufuria ambazo hazikuhitaji kupanguliwa.

Musau aliisogeza sahani yake mbali kidogo. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, vidole vyake vyeusi vya mafuta vimelala juu ya kitambaa cha meza. Aliviangalia.

"Na ile orodha?" aliuliza hatimaye. "Waliiona?"

"Waliiona, Baba."

"Nimekuwa nikijiuliza." Alisafisha koo. "Siku ile, nikizipiga mistari, nilifurahi mpaka nikasahau kuuliza. Mia nne zikawa mia moja na kitu. Mimi si mtu wa vitabu, lakini mia nne ni nyingi kuliko mia moja. Haikukuharibia, mwaitu?"

Kwa watu wanne asiowajua, na kwa nafasi aliyoitaka kuliko kitu chochote duniani, Nzembi hakuweza kutia uongo hata kwenye nambari moja. Sasa alimtazama babake machoni.

"Haikuharibu kitu," alisema. "Hiyo ndiyo waliyoipenda kuliko zote. Watu tu walikuwa wengi, Baba. Nafasi moja, watu mia nne."

Mabega ya mzee yalishuka. Aliivuta sahani yake karibu, akachota muthokoi, akatafuna kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Afadhali," alisema. "Nilikuwa sitaki kukuambia, nikidhani nitazidi kuharibu. Nimekumbuka nyingine mbili ambazo ni moja."

Nzembi aliweka kijiko chini, akatafuta kalamu.

"Zitaje, Baba."